Niliiamini mvua ya kwanza

Usiku wa mvua ile sikulala. Nilikuwa na wiki saba tu Dodoma, nimetoka Dar es Salaam, na tangu nishuke kwenye basi sikuwa nimeona hata wingu la kutilia shaka. Ilipoanza kupiga mabati, kama saa tano usiku, nilitoka na tochi nikasimama barazani. Harufu ya udongo ilipanda mpaka kooni. Asubuhi kipima mvua kilisoma milimita 38, njia ya majani iendayo shimo la kwanza la uwanja wa gofu ninaoutunza ilikuwa na vidimbwi, nami nikawaambia vibarua wangu wanne kwamba msimu umefunguliwa, tuanze kazi.

Nilikosea, na kosa lile lilinigharimu karibu mwaka mzima. Naandika haya kwa yeyote anayetunza majani katika mikoa yetu hii ya kati, awe na uwanja wa gofu kama mimi, uwanja wa mpira wa shule au bustani ya ofisi, maana ni kosa jepesi sana kulifanya, na kila Novemba naona watu wakilirudia.

Uwanja wenyewe ni mdogo. Una mashimo sita tu, ndani ya shamba la mtu binafsi upande wa mashariki wa mji, njia ya kwenda Ihumwa. Mwenye shamba ni mzee mstaafu aliyeupenda mchezo huu tangu ujana wake. Alianza na kile ambacho wachezaji hukiita brauni. Badala ya grini, yaani kile kiwanja kidogo cha majani mafupi chenye shimo na bendera, unamwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiupeperushe, unaushindilia, na kila mchezaji akishamaliza anausawazisha kwa reki ili anayefuata akute pako sawa. Kwa nchi kavu ni ufumbuzi wa busara. Lakini mzee alitaka majani. Kabla sijafika, fundi mwingine alikuwa ameshageuza brauni tatu kuwa grini za ukoka. Mimi niliajiriwa nizitunze hizo tatu na nizigeuze zilizobaki.

Nilikuja na miaka tisa ya kazi kwenye klabu ya pwani, nikijihesabu fundi. Ukweli ni kwamba kule nilikuwa mwendesha mashine. Mahesabu ya mbolea, maji na dawa yalikuwa ya msimamizi wangu. Halafu Dar hupata vuli na masika, mvua inayopita milimita 1,000 kwa mwaka. Ukiharibu Novemba, Machi inakusitiri. Dodoma ina msimu mmoja. Wataalamu wa hali ya hewa huziita mvua za msimu, basi, hazina jina lingine. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukoma Aprili, na jumla yake kwa mwaka wa kawaida ni kama milimita 550 hadi 600. Katikati yake, mara nyingi Februari, jua hurudi wiki mbili au tatu kana kwamba kiangazi kimeanza upya. Kuanzia Mei mpaka Novemba usitegemee kitu.

Sasa, ndani ya siku nne baada ya ile mvua ya usiku nilifanya kazi za mwezi mzima. Nilishusha kisu cha mashine kutoka milimita 8 hadi 4 kwa mkato mmoja, kwa sababu nilitaka mzee aone grini laini. Nilimwaga kilo 25 za urea kwenye grini tatu ambazo kwa pamoja hazizidi mita za mraba 900. Leo najua ni zaidi ya mara mbili ya kipimo kinachostahili. Nilitoboa grini zote tatu ili hewa na maji yashuke chini. Tena niliomba fedha za vibarua kumi zaidi, tukapanda vipandikizi vya ukoka kwenye njia ya shimo la pili, mita karibu 200 kwa urefu.

Hakuna kazi hata moja kati ya hizo iliyo mbaya. Vitabu vya utunzaji wa viwanja vya gofu vinaziagiza zote kwa majira ya machipuko. Ila vitabu hivyo vimeandikwa kwa nchi za Ulaya na Marekani, ambako ukoka hulala kwa baridi na kuamka udongo unapopata joto, nyuzi 18 hivi na kuendelea. Joto lao likishaingia haliondoki ghafla. Sisi joto halitukosi, Oktoba udongo wetu unachoma unyayo. Kinachoamsha ukoka wa Dodoma ni maji, na maji yanaweza kuja usiku mmoja yakaondoka wiki tatu.

Ndivyo ilivyokuwa. Mawingu yalifunguka siku ya tano, anga likawa buluu tupu. Siku ya sita pampu ya kisima iliungua mota. Fundi alikuja siku hiyohiyo, lakini kifaa kilichotakiwa kilibidi kiagizwe Dar, na kilichukua siku tisa kufika. Tulinunua boza la maji mara mbili, likatosha grini moja na nusu.

Kuna dalili moja ambayo sitaisahau. Majani yenye maji ukiyakanyaga yanainuka mara moja. Jioni ya siku ya nane nilivuka grini ya tatu, nikageuka nyuma, nikaona nyayo zangu zote zimebaki pale pale, moja baada ya nyingine, mpaka ukingoni. Rangi ilikuwa imeshatoka kwenye kijani na kuingia kwenye kijivu fulani cha bluu. Siku mbili baadaye yalikuwa makapi.

Nimelitafakari sana jambo hili tangu wakati ule. Ukoka uliolala kiangazi haujafa. Una akiba kwenye mizizi na kwenye vikonyo vilivyo chini ya udongo. Mvua ikija unatumia akiba ile kutoa majani ya kwanza, na majani yale yakishapata jua ndiyo yanayorudisha deni. Mimi niliyakata kabla hayajalipa. Kisha nikaumwagia urea ili utoe mengine, maana yake nikaulazimisha ufungue ghala mara ya pili. Mashimo niliyotoboa nayo yakawa madirisha ya upepo mkavu mpaka kwenye mizizi. Kila mtu wa huku anajua nini hutokea kwa nyumba inayouza debe la mwisho la uwele mwezi wa kwanza, na mimi nililifanyia hivyo jani.

Siku ya kumi na mbili alikuja Babu. Ni mfugaji jirani, Mgogo, umri wake umepita miaka sabini, na ng'ombe wake hunywa kwenye birika letu la maji ya ziada pampu inapofanya kazi. Alikuja kuuliza pampu itapona lini.

"Mbukwa!" aliita kwa mbali, kama kawaida yake.

"Mbukwa, Babu. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona nyasi zako zimepauka hivi?"

Nikamweleza. Hakunicheka wala hakunilaumu. Alichomeka fimbo yake ardhini pembeni ya grini, ikazama kama vidole vitatu, ikagonga. Akaipeleka pengine, ikagonga tena.

"Ile haikuwa mvua," akasema. "Ile ilikuja kutuliza vumbi. Mvua ya kulimia inaingia chini, fimbo inaifuata."

Akakaa kwenye kivuli cha mgunga akanisimulia habari za baba yake, aliyekwenda Kongwa kijana akafanye kazi kwenye mradi wa karanga wa Waingereza. Niliwahi kusoma habari za mradi huo shuleni kwa mistari michache. Ulianza mwaka 1947, na mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikautupa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Kusikia kutoka kwa mtu ambaye baba yake alishika jembe pale ni habari nyingine. Babu anasema walioleta matrekta waliona pori, wakaona mvua ya mwaka mmoja, wakapanga. Udongo wa Kongwa una mchanga uliochanganyika na mfinyanzi. Ukilowa unalimika, ukikauka unakuwa saruji. Majembe ya chuma yaliisha kama sabuni. Karanga zilizostawi nyingine zilibaki chini kwa sababu ardhi ilizikamata. Nikatazama udongo wangu. Ni huohuo.

Mvua ilirudi siku ya kumi na tisa, milimita 61 kwa muda usiofika saa mbili. Ilikuta ardhi imefunga juu, ikateleza. Vipandikizi vyote vya njia ya shimo la pili viliondoka na maji kuelekea korongoni. Vibarua walikwenda kuviokota kesho yake kwa magunia, wakapata gunia moja.

Na haikuishia hapo, maana wiki ya kwanza ya Januari, ukoka ulipoanza kujikongoja, walifika viwavijeshi. Wengi wanadhani ni adui wa mahindi na mtama peke yake. Ukoka ni chakula chao hasa. Vipepeo wao husafiri usiku na pepo za mvua na kutaga kwenye majani machanga, na miaka ya hatari ni ile ambayo mvua za kwanza hufuata ukame mkali. Sikuwaona wakiwa wadogo na kijani. Nilichokiona ni yangeyange, kundi kubwa jeupe juu ya grini ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi, nikafurahi kuwa ndege wamependa mahali petu. Nilipofika karibu, ardhi ilikuwa inatembea. Weusi, wana mistari ubavuni, wamebanana. Usiku wa pili grini ilikuwa vijiti.

Mzee mwenye uwanja hakunifukuza. Aliniita jioni moja, akanikaribisha chai, akasema, "Mwanangu, umepoteza majani, usipoteze na somo. Niandikie ulichofanya na tarehe zake." Nikanunua daftari kubwa la mistari. Kila kitu ninachokieleza kuanzia hapa kimetoka kwenye lile daftari, na la pili lililofuata.

Jambo la kwanza lililobadilika ni tarehe ya kuanza. Msimu wangu sasa unaanza Septemba, ukavu ukiwa umeshika. Kuanzia Julai hadi Oktoba upepo wa mashariki hauna huruma huku, unabeba vumbi jekundu na kulilaza juu ya grini siku baada ya siku. Ukilipuuza, mvua ya kwanza inaligeuza kuwa plasta. Maji yanabaki juu, mizizi inakosa pumzi. Kwa hiyo tunafagia kwa mafagio magumu kila Jumatatu na Alhamisi, na kila baada ya wiki tatu tunakwangua kwa reki yenye meno makali ili kutoa majani makavu yaliyolaliana chini. Ni kazi isiyoonekana. Mchezaji akifika hawezi kujua kuwa imefanyika. Nataka kuwataja vibarua wangu hapa, hasa kina mama wawili wanaoifanya kwa uangalifu kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi pwani, maana bila wao mambo mengine yote ni bure.

La pili ni chumvi, na hili ndilo ningeomba mtu wa Dodoma alisome mara mbili. Anayeishi hapa anayajua maji ya visima. Yana ladha, sabuni inagoma kutoa povu, ndoo zinaota ukoko mweupe pembeni. Maji ya namna hiyo ukinyweshea grini miezi saba, maji yanapaa na jua, chumvi inabaki. Sodiamu inang'ang'ania kwenye chembe za mfinyanzi, zinavimba na kufunga vitundu vyote vya udongo. Unaona majani ya njano, unadhani ni njaa, unaongeza mbolea, ambayo nayo ni chumvi. Nilifanya hivyo mwaka wa pili kwenye grini ya tatu mpaka afisa kilimo mmoja aliyekuja kucheza Jumamosi akainama, akachota udongo, akaulamba. "Kaka, hapa unahitaji jasi," akasema.

Jasi hatuifuati mbali. Inachimbwa Itigi, mkoani Singida, na malori yanayoipeleka kwenye viwanda vya saruji yanapita hapa hapa. Kalisi iliyomo ndani yake inaisukuma sodiamu itoke kwenye mfinyanzi, kisha mvua inaiosha ishuke chini ya mizizi. Neno la muhimu ni mvua. Jasi bila maji mengi ya kuosha haifanyi kazi, na kisima chenye chumvi hakioshi chumvi. Ndiyo maana inawekwa mwanzoni mwa Novemba, isagwe laini, ikae inasubiri. Mimi naweka kilo 2 kwa kila mita 10 za mraba, ambazo kwa grini ya mita 300 ni kilo 60. Kabla ya kuiweka tunatoboa. Fundi wa kuchomelea kule Majengo alinitengenezea kifaa cha mabomba manne ya nusu inchi yaliyonolewa, kina miguu miwili ya kukanyagia, kinashuka sentimita 8 na kutoa vipande vya udongo kama soseji. Watu wanne, siku mbili kwa kila grini. Vipande vile tunaviokota vyote, kisha tunamwaga jasi na mchanga wa korongoni uliochekechwa na kuoshwa, toroli kumi na tano hivi kwa grini, tunasukuma kwa mifagio mpaka mashimo yajae. Mchanga ndani ya shimo ndio unaozuia yale madirisha ya upepo niliyoyaacha wazi mwaka wa kwanza. Na hatutoboi grini ya pili kabla ya ya kwanza kupona, wala hatutoboi kabisa kama pampu haijakaguliwa na mota ya akiba haipo stoo.

Halafu tunasubiri. Hii ndiyo sehemu ngumu kwangu mpaka leo, kwa sababu wachezaji wanapenda kuona kazi, na baada ya mvua ya kwanza kila mtu anauliza mbona hujakata. Nina nondo ya milimita 8, urefu wa mita moja, imenolewa ncha. Ni fimbo ya Babu kwa chuma. Kila baada ya mvua naichomeka sehemu kumi na mbili za uwanja kwa nguvu ya mkono mmoja na kuandika imezama kiasi gani. Isipofika sentimita 15 katika sehemu nane, kwangu mvua haijanyesha, hata kama kipima mvua kinasema milimita 40. Mwaka jana mvua ya kwanza ilikuja tarehe 26 Novemba. Nondo iliingia sentimita 6. Ya pili ilikuja siku kumi baadaye, ikaingia 9. Kazi ilianza tarehe 17 Desemba, na tangu hapo hatukurudi nyuma.

Wakulima wa hapa wana mbinu zao za kubahatisha. Wengine hupanda kavu, mbegu inasubiri ardhini, na wengi wa zamani walikuwa wakiberega, yaani kufyeka na kuchoma mabaki kisha kupanda bila kulima. Mbegu inaweza kusubiri. Jani lililokwisha kuamshwa haliwezi.

Kazi ikianza, nashusha kisu polepole. Natoka milimita 8, naondoa nusu milimita kila baada ya siku nne au tano, sipunguzi kamwe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkato mmoja, mpaka nifike 5. Chini ya hapo sishuki. Viwanja vikubwa vyenye mbegu maalumu vinakata milimita 3, lakini huu ni ukoka wetu wa kawaida, nao una heshima yake. Mashine ni ile ya silinda, ambayo visu vyake huzunguka na kukata kama mkasi. Zile za panga la kuzunguka zinachana ncha za jani, na jani lililochanika linapoteza maji na kukaribisha magonjwa. Mbolea nimeacha urea kwenye grini. Natumia SA, yaani salfeti ya amonia, yenye nitrojeni asilimia 21, kwa sababu udongo wetu wa maji ya chumvi unaipenda na haitoki hewani kirahisi. Kilo tatu na nusu kwa grini, kila wiki mbili, jioni, na kunyweshea papo hapo. Samadi naiweka kwenye njia na kwenye miti tu. Kwenye grini inaleta mbegu za magugu, na ukishaleta ndago utaing'oa mpaka uzee wako.

Kwa viwavijeshi nimejifunza kitu cha bei ya kipande cha sabuni. Kuanzia Desemba katikati, kila jioni ya Jumanne na Ijumaa, tunachanganya sabuni ya maji kwenye ndoo na kumwaga kwenye mita moja ya mraba ya kila grini. Kama wapo, wanapanda juu ndani ya dakika chache kwa kukosa raha. Wakiwa wadogo, chini ya sentimita moja, dawa kidogo ya jioni inawamaliza. Wakishakuwa weusi wameshakula. Misimu miwili kati ya minne iliyofuata tuliwakuta, na mara zote mbili tuliwakuta wadogo.

Kuhusu ng'ombe kulikuwa na ugomvi, na sitaki kuuficha. Oktoba grini zangu ndizo kitu pekee cha kijani kwa maili nyingi, na usiku ng'ombe walikuwa wanaingizwa. Kwato moja inaacha tundu la sentimita tano. Niliwahi kumshika kijana mmoja nikataka kumpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Babu alinizuia, akaniuliza kama mimi ningekuwa na ng'ombe saba wanaokufa ningewatazama tu. Tulikaa na wafugaji chini ya mbuyu tukaelewana. Birika la maji liko wazi kwao saa mbili hadi saa nne asubuhi, na majani yote tunayokata kwenye njia, ambazo hazipigwi dawa, wanayachukua bure. Yale ya grini hatuwapi kamwe, yana dawa na mbolea. Tangu siku ile sijaona kwato kwenye grini. Wao wenyewe wanalinda.

Njia ya shimo la pili ilipona kwa akili ya mmoja wa wale kina mama. Yeye ametokea upande wa Chololo, kijiji ambacho jina lake limepewa mashimo madogo ya kuvunia maji ya mvua shambani, kina kama futi moja kwenda chini, kwa mistari inayokata mteremko. "Baba, maji yanakimbia kwa sababu hakuna anayeyaambia simama," alisema. Tulichimba mistari mitatu ya mashimo hayo juu ya njia, kwenye sehemu isiyochezewa, tukayatia samadi na kupanda migunga na miarobaini. Mvua kubwa iliyofuata ilijaza mashimo, ikashuka taratibu. Tukapanda vipandikizi Desemba iliyopita, nondo ikiwa imezama sentimita 22, navyo vikashika karibu vyote.

Brauni ya nne tuliigeuza msimu huu. Tuliondoa sentimita 12 za mchanga wenye oili, tukaurundika juu ya karatasi la nailoni mbali na kisima, tukachimba, tukaweka kokoto, kisha mchanga safi na samadi iliyooza sana na kuchekechwa, isibaki na mbegu za magugu. Vipandikizi viliingia tarehe 6 Januari. Februari jua lilirudi siku kumi na saba, kama nilivyotegemea, na tulinyweshea mara tatu kwa siku, kidogo kidogo. Siku ya kwanza kuikata niliita watu wote. Mzee mwenye uwanja alikuja na fimbo yake ya kutembelea, akaivulia viatu grini ile kwa heshima, akatembea pekupeku kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha nikatoboa shimo, milimita 108 kwa upana kama sheria ya mchezo inavyotaka, nikasimika bendera.

Leo ni tarehe 28 Aprili. Kipima mvua hakijapata tone kwa siku kumi na moja, na upepo umeanza kugeuka. Mbili kati ya grini zimeanza kulegea mchana. Asubuhi hii nimepandisha kisu kutoka milimita 5 hadi 5 na nusu. Wiki ijayo kitafika 6, na Juni tutakuwa kwenye 8, ili jani liwe na upana wa kujaza ghala kabla ya baridi ya usiku. Wachezaji wameanza kulalamika kwamba mpira unakwenda polepole. Babu amepita na ng'ombe saa tatu, akachomeka fimbo pembeni ya grini ya nne, akaitazama ilivyozama, akanitikisia kichwa na kuendelea na safari yake birikani.